Benki ninayoichunguza yanitaka kazi

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni wakili, mama wa watoto wawili, na umri wangu unakaribia miaka hamsini. Tangu mwaka 2007 nafanya kazi katika taasisi ya serikali inayosimamia masoko ya mitaji hapa Kenya. Niliingia nikiwa afisa mdogo wa sheria, kazi yangu kusoma mikataba na kupanga faili. Leo ni mwanasheria mwandamizi upande wa utekelezaji. Dalali wa hisa akichezea pesa za wateja, kampuni ikificha hasara kwenye hesabu zake, au mtu akinunua hisa kwa siri aliyoipata kwenye kikao cha bodi, karatasi hupita mezani kwangu kabla wakubwa hawajaamua.

Kazi hii kwangu si mshahara tu. Unakumbuka miaka ile watu walivyokuwa na kiu ya hisa. KenGen ilipouzwa kwa umma mwaka 2006, mama yangu, muuza vitambaa huko Kilifi, alitia akiba yake humo. Mwaka 2008 ikaja Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na walioomba wakapita laki nane. Mama naye akaenda kwa dalali wake apate za Safaricom, ndipo akagundua zile za kwanza zilikwisha kuuzwa bila yeye kutia sahihi popote. Dalali mwenyewe (sitamtaja) hakudumu. Mfuko wa kuwafidia wawekezaji ulikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa mtu mmoja, na alichopoteza mama kilizidi hapo kwa mbali. Mimi wakati huo nilikuwa mgeni kazini. Tangu siku hiyo, kila faili ya dalali naisoma kama vile mmoja wa wateja wale ni mama.

Sasa nije kwenye shida yangu. Kuna benki ya uwekezaji ambayo tumekuwa tukiiangalia. Hesabu zake za mwisho wa mwezi ni safi, hazina doa. Niliomba taarifa za benki za siku kwa siku, na hapo mambo yakaonekana: tarehe 2 au 3 pesa zinatoka kwenye akaunti ya wateja kwenda kulipa madeni ya benki yenyewe, na ikifika tarehe 27 zinarudi. Anayetazama salio la tarehe 30 haoni kitu. Hakuna mteja aliyepoteza hata senti, mpaka sasa. Niliandika rasimu ya maoni yangu nikapendekeza faini na masharti mazito. Rasimu bado haijaenda juu.

Wiki ile ile mkurugenzi mkuu wa benki hiyo alinipigia simu, akaniomba tunywe kahawa. Nilienda nikidhani anataka kujitetea. Hakugusia faili hata kidogo. Alinitaka niwe mkuu wa sheria na uzingatiaji wa benki yake, yaani wa kuhakikisha benki inafuata kanuni, kwa mshahara unaozidi wangu wa sasa mara tatu. Maneno yake yalikuwa: "Hakuna mtu aliyewahi kutubaini hivi. Nataka mtu wa aina yako awe ndani, tusirudie." Bi Mshauri, sikuweza kujua kama ni toba au ni ujanja, na hadi leo sijui.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari na anasema niende. Binti yetu anaingia chuo kikuu mwakani, mdogo wake yuko sekondari. Nyumba tunayoishi tuliijenga kwa mkopo wa wafanyakazi, na mume wangu anaona mshahara mpya utaumaliza haraka. Anasema nimeshaitumikia nchi vya kutosha, na kwamba katika umri wangu mlango kama huu haugongwi mara mbili. Kazini nina mawakili vijana ninaowalea, bado hawajui kusoma ujanja uliojificha kwenye tarehe. Nikiondoka, nani atawaonyesha? Na mama, aliyewaambia majirani wote kwamba mwanawe ndiye anayewashika wezi wa hisa, nitamwambiaje?

Sijamwambia mtu yeyote kazini kuhusu ile kahawa. Mkurugenzi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Je, nikienda nitakuwa nimewasaliti wawekezaji wadogo? Na nikibaki, nitakuwa nimewanyima watoto wangu kwa ajili ya jina zuri tu?

Wakili Njia Panda,
Nairobi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia kesho yake. Kabla ya kuandika nilimuuliza wakili mmoja mstaafu mambo mawili matatu ya sheria, bila kumpa lolote la kukutambulisha. Ninayosema hapa kuhusu sheria yametoka kwake, na wewe unayajua kuliko sisi wote wawili.

Umeniuliza kama uende au ubaki. Kwa maoni yangu umebeba mambo mawili, na yameshikana hata hujayaona mbalimbali. La kwanza ni la maisha yako: wapi utumie miaka ya kazi iliyobaki. Hilo halina haraka, japo mkurugenzi analitaka jibu mwisho wa mwezi. La pili ni dogo kwa sura lakini ndilo linalowaka sasa hivi: faili iko mezani, ofa iko mkononi, na kazini hakuna anayejua. Niruhusu nianze na hilo, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi, ingawa umeliandika kwa sentensi moja tu karibu na mwisho.

Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 ilisema mtumishi wa umma asiache ofa ya kazi ya baadaye imwelekeze katika kazi yake ya leo, na kwamba ofa inayoweza kuleta mgongano wa maslahi itangazwe kwa maandishi. Mwaka 2025 ikaja Sheria ya Mgongano wa Maslahi, jina lenyewe linajieleza. Lakini tuweke sheria kando kidogo tutazame ile rasimu yako. Tuseme kesho unaipeleka juu kama ilivyo, na faini yake. Benki ikijua unaondoka kwenda kwingine, itasema ulikuwa unaitia hofu ili ofa ipande. Tuseme unapunguza faini kwa sababu halali kabisa, labda umegundua kosa la hesabu. Basi siku ukiingia mlango wa benki hiyo kila mtu atasema ulinunuliwa. Maoni yale yale, ya haki, yameharibika pande zote mbili kwa sababu ya kikombe cha kahawa ambacho wewe hukukiomba.

Unaikumbuka ile kesi ya hatifungani ya Imperial Bank, yaani mkopo wa shilingi bilioni 2 ambao benki iliuchukua kwa wawekezaji, iliyozuka benki ilipowekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa benki iliyokwama, Oktoba 2015. Ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na swali mojawapo kubwa lilikuwa kama mamlaka ya masoko ya mitaji, iliyopitisha hatifungani hiyo, inaweza tena kuwachunguza na kuwaamulia wakurugenzi bila mtu kuhofia upendeleo. Ninyi wa kazi hiyo mnajua namna hofu ya upendeleo, hata bila upendeleo wenyewe, inavyoweza kuiburuta faili miaka na miaka. Kwa hiyo ukiniuliza wateja wa benki hii wanakuhitaji wapi leo, kabla ya mengine yote, nitasema wanahitaji faili yao ikae kwenye mikono ambayo hakuna atakayeitilia shaka. Na hilo ni kweli uende au ubaki.

Najua kutangaza kuna gharama. Ukimwandikia mkubwa wako, wapo watakaokutazama kwa jicho jingine: kumbe huyu anatafutwa, kumbe anaondoka. Huenda nafasi ya kupanda cheo ikapita pembeni. Huenda benki nayo ikakasirika na kuondoa ofa. Sikufichi hayo. Ila kila siku inayopita barua hiyo inazidi kuwa ngumu kuandika, na atakayeisoma atauliza kahawa ilinywewa lini. Leo bado unaweza kujibu swali hilo bila kutafuta maneno.

Sasa tuje kwenye toba au ujanja. Umesema hukuweza kujua, na mimi nisiyemwona mtu huyo siwezi kujifanya najua. Lakini kuna namna ya kumpima bila kuingia moyoni mwake. Mwambie: nimeitangaza ofa yako kazini, nimejitoa kwenye faili, na siwezi kuzungumza zaidi mpaka faili hiyo iamuliwe na watu wengine na iishe. Halafu msikilize. Anayekutaka wewe, na akili yako ya kuuliza taarifa za siku kwa siku, atasubiri, kwa sababu akili hiyo haichachi. Anayetaka faili ataanza kukuharakisha, au atanyamaza. Ile tarehe ya mwisho aliyokupa inanitia wasiwasi kidogo, nasema kweli. Benki haimhitaji mkuu wa sheria mwezi huu kuliko ujao. Lakini pia kuna wakurugenzi ambao hupanga kila kitu kwa mwisho wa mwezi kwa mazoea tu, kwa hiyo sitaki nimhukumu kwa tarehe.

Kuna kitu kingine mstaafu wangu alinionyesha. Sheria ile ya 2012 haikukataza mtumishi wa umma kuajiriwa baadaye na kampuni binafsi. Ilikataza asiifanyie kazi kampuni katika jambo lile lile alilolishughulikia akiwa ofisini, hadi ipite angalau miaka 2. Kwenye karatasi hiyo ni nafuu: nenda, ila usiguse faili. Sasa fikiria siku yako ya kwanza kule. Wewe ndiwe mkuu wa sheria. Jambo kubwa la kisheria ambalo benki inalo ni faili hiyo hiyo. Bodi inakaa, inajadili namna ya kuijibu mamlaka, na mkuu wa sheria anatoka nje kwa sababu hawezi kusikia. Mara ya kwanza watamheshimu, lakini mara ya tatu mtu ataanza kuuliza tunamlipa mshahara huu wa nini. Na hata kama hutasema neno, umebeba kichwani yale uliyosoma kwenye rasimu, na majina ya waliohojiwa. Utaishi vipi na hayo kwenye chumba kimoja na watu wanaoyataka? Siulizi nikukatishe tamaa. Nauliza kwa sababu ukiwa na jibu lililo wazi, limeandikwa kwenye mkataba, mambo yanawezekana. Wengi wamevuka upande wa pili na wamefanya kazi safi.

Hapo naomba tuligeuze lile neno lako la usaliti. Umeandika kana kwamba wawekezaji wadogo wana mlinzi upande mmoja tu wa meza. Wewe mwenyewe umeniambia hakuna aliyepoteza senti mpaka sasa. Mtu wa uzingatiaji mwenye nguvu, akikaa ndani ya benki hiyo, angeliona lile jambo la tarehe 2 na tarehe 27 mwezi wa kwanza tu, kabla halijawa mazoea, kabla mamlaka haijahitaji kuomba karatasi. Mama yako hakuangushwa na uchache wa mawakili serikalini peke yake. Aliangushwa pia kwa sababu ndani ya ofisi ya dalali wake hakukuwa na mtu wa kusema "hapana, hisa hizi si zetu" na akasikilizwa.

Ila neno lenye uzito hapo ni "akasikilizwa". Kabla hujafikiria mshahara, uliza mambo ambayo ungemwuliza mtu unayemchunguza. Utawajibika kwa nani, mkurugenzi mkuu au kamati ya ukaguzi ya bodi? Anayeweza kukufukuza ni nani, na lazima nani aridhie? Aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako alienda wapi, na je, unaweza kuzungumza naye? Marupurupu ya mwisho wa mwaka yanapimwa kwa nini? Yakipimwa kwa faida ya benki, basi siku unapozuia biashara yenye faida unajikata mfukoni mwako mwenyewe, na hata mtu mwenye msimamo huchoka. Huyo aliyekuwa kwenye kiti hicho ndiye ninayemtaka umtafute hasa. Pesa zilipokuwa zikitoka na kurudi, ama hakujua, ama alijua akanyamaza, ama alisema akapuuzwa. Majibu hayo matatu yanakupeleka njia tatu tofauti kabisa.

Kuhusu nyumba, mume wako amesema vyema kwamba mshahara mkubwa utamaliza mkopo haraka, lakini mketi na karatasi. Mikopo mingi ya wafanyakazi wa taasisi za umma ina riba nafuu kwa sababu tu wewe ni mfanyakazi. Ukiondoka, mara nyingi salio hugeuzwa kuwa la riba ya soko, au unatakiwa ulilipe lote. Soma mkataba wako uone unasemaje. Angalia pia kiinua mgongo chako kinahesabiwaje ukiacha kabla ya umri wa kustaafu. Mshahara mara tatu ukitoa kodi, riba mpya na usalama wa kazi unaouacha hauwi mara tatu tena. Pengine bado ni mwingi na unafaa, lakini muamue kwa tarakimu mlizozikokotoa pamoja mezani.

Hapo kwa mume wako niseme neno moja la kumtetea. Mwalimu wa sekondari aliyekaa na mke mwenye kazi nzito kama yako, akiamka usiku akakuona unasoma taarifa za benki za watu, anaposema "umeitumikia nchi vya kutosha" sidhani anazungumzia pesa peke yake. Muulize anachomaanisha. Huenda anakukosa nyumbani.

Na wale vijana wako. Umesema hawajui kusoma ujanja uliojificha kwenye tarehe. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba kila faili ngumu ikija wewe ndiwe unayeichukua, kwa upendo na kwa haraka ya kazi, kwa hiyo hawajapata nafasi ya kukwama na kujikwamua. Ukijitoa kwenye faili hii, mmoja wao ataipokea. Hutaweza kumwelekeza ndani ya faili hiyo, lakini kuna nyingine nyingi za zamani, zilizokwisha kufungwa, ambazo unaweza kuzigeuza darasa. Fanya hivyo hata ukibaki hadi ustaafu.

Nisingependa pia uamini kwamba milango ni miwili tu, benki hii au kiti chako cha sasa. Mtu mwenye ujuzi wako si wa kupatikana kila kona. Uganda na Rwanda nazo zina mamlaka na masoko yao yanayokua, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa zikijaribu kuoanisha kanuni za masoko ya mitaji. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa sheria wanaomaliza bila kuwahi kuona taarifa ya akaunti ya wateja. Hata kwetu serikali ilijaribu mwaka 2017 kuuza hatifungani ya M-Akiba kwa simu kuanzia shilingi 3,000, ili muuza vitambaa naye awe mwekezaji, na watu wa aina hiyo wanahitaji wakili wa kuwaandikia masharti kwa lugha wanayoielewa. Ipo pia benki nyingine, au kampuni ya mawakili, ambayo huna faili yake mezani. Sikwambii yoyote kati ya hizo italipa mara tatu. Nakwambia tu kwamba yule aliyekupigia simu kwanza si lazima awe wa mwisho.

Limebaki la mama. Umeandika "nitamwambiaje" kana kwamba hukumu yake unaijua. Je, umewahi kumwuliza? Mwanamke aliyepoteza akiba yake yote na bado akasimama sokoni Kilifi akauza vitambaa hadi ukafika hapo ulipo, huenda anaelewa mambo ya pesa na heshima kuliko tunavyodhani. Usimpelekee maelezo ya faili wala jina la benki, hiyo ni siri ya kazi na lazima ibaki hivyo. Mwulize tu jambo moja: kama pale kwa dalali wake, mwaka ule, kungekuwa na mtu mmoja mwaminifu ndani, angetaka mtu huyo abaki humo au atoke? Simjui mama yako, kwa hiyo jibu lake silijui. Huna haja ya kulifuata pia. Lakini umekuwa ukifanya kazi hii kwa ajili yake muda mrefu, ni haki yake kusikilizwa.

Mimi sitakwambia nenda, wala sitakwambia baki. Nimeona katika barua yako mtu ambaye pesa zingeweza kumchukua kimyakimya, na badala yake ameandika kurasa hizi zote. Ukienda, nenda baada ya faili hiyo kutoka mikononi mwako. Ukibaki, usibaki kwa sababu ya kuogopa macho ya majirani wa mama.

Ile barua ya kujitoa kwenye faili, kama unaona uzito kuianza, andika rasimu unitumie tuisome pamoja kabla hujaipeleka kwa mkubwa wako. Futa kwanza jina la benki.

Mshauri wako